Kuzuia, kuinua au kuondoka: njia tatu za kukabili mafuriko kando ya maziwa na mito ya Uganda

Uganda haina pwani ya bahari, na vimbunga vya Bahari ya Hindi hupoteza nguvu kabla ya kutufikia. Mvua ya bahari hiyo, hata hivyo, inatufikia. Mwishoni mwa 2019 maji ya bahari upande wa Afrika yalipata joto kuliko upande wa Indonesia, na mvua za vuli zikapita kiasi Afrika Mashariki nzima. Ziwa Victoria likapanda mwezi baada ya mwezi, hadi Mei 2020 kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya Mei 1964. Aprili ya mwaka huohuo kisiwa cha magugu kilichong'olewa na maji kilielea hadi bwawa la umeme la Nalubaale, na nchi nzima ikalala gizani. Maji yanayotoka Victoria huteremka kwa Nile hadi Kyoga na Albert, kwa hiyo watu wa Butiaba na Ntoroko nao walifikiwa.

Tangu hapo swali ni lilelile kwa wakazi wa mialoni, yaani bandari ndogo za wavuvi, na kando ya mito: nijaze viroba mchanga, niinue nyumba, au nifungashe niondoke? Kila njia ina wanaoisifu na wanaoilaani. Mara nyingi wote wanasema kweli, maana kila mmoja anazungumzia maji yake.

Vigezo: jua maji yako kabla ya kuchagua dawa

Cha kwanza ni kasi. Maji ya ziwa hupanda polepole, kwa majuma. Maji ya mto wa tambarare, kama Manafwa kule Butaleja au mabonde ya Katakwi, huja kwa saa kadhaa au siku nzima, yakaenea shambani na kutulia. Maji ya mjini, Bwaise na Kalerwe za Kampala kwa mfano, huingia ndani ya nusu saa baada ya mvua kubwa na kuondoka siku hiyohiyo, yakiacha tope na uchafu wa vyoo. Maji ya mlimani ni jamii nyingine kabisa. Nyamwamba, unaoshuka Rwenzori, uliipiga Kasese Mei 2013 na tena Mei 2020, na haukuleta maji tu. Ulileta mawe makubwa na magogo. Mbale nayo iliamshwa na mito ya Nabuyonga na Namatala usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022.

Cha pili ni kina. Usikisie. Waulize wazee na majirani, tafuta mstari wa tope kwenye kuta za zamani, uchukue alama ya juu kuliko zote, si ya mwaka jana. Kuihamisha alama hiyo hadi ukutani kwako hakuhitaji fundi mpimaji. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wa mita 10 au zaidi, ujaze maji hadi usiwe na povu la hewa ndani, mtu mmoja ashike ncha moja kwenye alama ya jirani na wewe ushike ya pili kwako. Maji ya ncha zote mbili husimama usawa mmoja. Piga mstari hapo kwa rangi. Mstari huo utaamua mambo mengi kuliko maneno ya muuza saruji.

Cha tatu, maji hukaa muda gani: saa, siku au miezi? Cha nne, unapata onyo la muda gani? Cha tano ni ardhi. Kanuni za mazingira za 2000 zinatenga mita 200 kutoka ukingo wa maziwa makubwa, mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mito mingine. Ukijenga msingi wa gharama ndani ya eneo hilo, unaweza kushinda maji ukashindwa na sheria. Aliyepanga chumba, huo wanaouita muzigo, hawezi kuinua sakafu ya mwenye nyumba hata angekuwa na pesa. Cha sita ni watu waliomo: mgonjwa asiyetembea, mama aliyejifungua juzi, bibi wa miaka 80. Hao huamua saa ya kuondoka kwa nyumba nzima.

Njia ya kwanza: kuzuia maji yasiingie

*Kazi na vifaa.* Viroba, mchanga, turubai au nailoni nzito, sepetu na mikono mingi. Kosa la kwanza hufanyika kwenye kujaza. Mchanga ni mzito: jerikeni la lita 20 likijaa mchanga mkavu lina kilo 30 hivi. Ukichukua kiroba cha posho (unga wa mahindi) cha kilo 50 ukakijaza, hakuna atakayekibeba, na kikibebwa kitasimama kama mtungi, kikiacha matundu pembeni. Kipimo kizuri ni nusu jerikeni ya mchanga kwa kiroba kidogo, yaani kilo 15 au 16. Kiroba kiwe nusu au theluthi mbili, mdomo ukunjwe chini yake bila kufungwa kamba. Kikilala kinatandaa na kubana.

Panga kama fundi apangavyo matofali: kila kiroba kikalie maungio ya viwili vya chini, mdomo uliokunjwa uelekee upande yanakotoka maji, kisha kikanyagwe. Upana wa chini uwe mara tatu ya kimo. Ndiyo maana hesabu hupanda haraka hivi: ukingo wa sm 30 unakula viroba 20 hivi kwa kila mita, wa sm 60 unakula kama 70, wa sm 90 unakaribia 150. Mlango wa sm 90, ukiongeza sm 30 kila upande, ni mita moja na nusu. Kwa sm 30 andaa viroba 30. Kwa sm 60 andaa zaidi ya 100, na hapo ni mlango mmoja tu. Nailoni itandazwe upande wa maji, ipite chini ya safu ya kwanza na kukandamizwa juu. Bila hiyo mchanga huchuja tu, hauzuii.

Kwa chumba cha mjini, ubao wa mlangoni hushinda viroba. Pigilia reli mbili za mbao au chuma kwenye miimo ya mlango, teremsha mbao za inchi mbili zilizokatwa sawasawa, ziba maungio kwa udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu uliofungwa kwenye kavera (mfuko wa plastiki). Kazi ya dakika 5, na ubao unakaa nyuma ya mlango mwaka mzima.

Mtaro nao ni sehemu ya kuzuia. Upana wa sm 40 na kina cha sm 40 unatosha kukinga maji ya uani, ukiteremka angalau sentimita moja kwa kila mita. Lakini uwe na mahali pa kumwaga. Mtaro unaoishia ukutani kwa jirani huanzisha kesi kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kabla mvua haijakoma. Zibua kabla ya Machi na kabla ya Septemba kwa nusu ya kusini ya nchi. Kule kaskazini, ambako mvua huanza Aprili na kuendelea hadi Oktoba, zibua Machi na urudie Julai.

*Muda wa maandalizi.* Watu wanne wenye bidii wanaweza kumaliza viroba vya mlango mmoja asubuhi moja, mchanga ukiwa tayari uani. Mchanga usipokuwepo, sahau. Siku ya mafuriko hakuna lori litakaloingia.

*Panapoharibika.* Kwanza, maji hupita chini. Ardhi ya mwaloni ni mchanga mtupu. Ukizuia mbele, maji yatachimbuka katikati ya sebule. Pili, ukuta. Watu wengi hudhani kadiri ukingo unavyokuwa mrefu ndivyo unavyokuwa salama. Maji ya kina cha sm 60 husukuma kila mita ya upana wa ukuta kwa uzito wa kilo 180 hivi. Yakifika mita moja, kilo 500. Ndani kukiwa kukavu hakuna kinachousukuma ukuta kutoka upande wa pili, kwa hiyo ukuta wa kawaida wa matofali unaweza kuanguka ndani, juu ya watu. Mpaka wa busara ni sm 60 kwa matofali ya kuchoma yenye saruji. Maji yakikaribia hapo, toa watu, fungua mlango, acha yaingie. Ukuta wa matofali mabichi au fito na udongo haufai kuzuia hata hayo, maana huyeyuka kutoka chini. Tatu, jua: viroba vya plastiki vikiachwa juani huchanika ukivigusa, kwa hiyo vihifadhiwe vitupu kivulini. Na mchanga uliolowa maji ya mafuriko umebeba uchafu wa vyoo. Watoto wasichezee.

*Inamfaa nani.* Mpangaji wa mjini, mwenye duka la barabarani, mtu ambaye maji yake hayapiti goti na huondoka siku hiyohiyo. Kwa ziwa lililopanda kwa miezi mitano haifai. Mawimbi yatabomoa kila jioni ulichojenga mchana.

Njia ya pili: kuinua nyumba na vilivyomo

*Kazi na vifaa.* Kuna kuinua kwa kweli na kuna kuinua kwa mfukoni.

Kwa kweli ni kuinua msingi. Chukua ule mstari wa rangi, ongeza sm 30 hadi 50, hapo ndipo sakafu mpya. Tuseme nyumba ni mita 6 kwa 4 na unainua sm 60. Ujazo ni mita za ujazo 14.4; ukishindilia unahitaji kama robo zaidi, yaani 18. Kwa lori linalobeba mita za ujazo 3 hizo ni tripu 6. Tumia moramu, si udongo mweusi wa bondeni ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mwaga tabaka la sm 15, nyunyiza maji, shindilia hadi kisigino kisiache alama, ndipo umwage lingine. Anayemwaga sm 60 kwa mpigo na kushindilia juu tu ataona sakafu imebonyea baada ya msimu mmoja.

Kingo za tuta zisisimame wima. Kwa kila sm 30 za kimo zipe sm 60 za mteremko, upande nyasi za pasipalamu au upange mawe, hasa upande wa ziwa. Mistari minne ya chini ya ukuta iwe matofali ya kuchoma, na lipu ya saruji moja kwa mchanga nne. Soketi za umeme zihamishiwe mita 1.2 au zaidi kutoka sakafuni.

Kwa mfukoni ni kuinua vitu. Matofali chini ya miguu ya kitanda, rafu ya kimo cha mita moja na nusu kwa posho, mbegu, redio na vitabu vya watoto, ndoano ya kutundikia mfuko wa hati. Ghala la nafaka juu ya nguzo za mkaratusi zilizopakwa oili chafu chini. Kazi ya siku moja, na kwa mafuriko ya sm 30 huokoa karibu kila kitu isipokuwa miguu yako.

Choo mara nyingi husahaulika, nacho ndicho kinachouambukiza mtaa mzima. Shimo la kawaida likifurika, kinyesi huelea hadi kisimani na kipindupindu hakipo mbali. Pandisha choo: jengea shimo kwa matofali hadi juu ya mstari wa mafuriko, weka ngazi, na kiwe angalau mita 30 kutoka kisima. Palipo na maji karibu chini ya ardhi, choo kinachotenganisha mkojo na kinyesi, chenye vyumba vya kuhifadhia juu ya ardhi, kinafaa kuliko kuchimba.

*Muda wa maandalizi.* Kuinua msingi ni kazi ya kiangazi, na kwa nyumba iliyopo maana yake mara nyingi ni kupandisha pia mlango, madirisha na paa. Nyumba ya fito ni rahisi zaidi kuijenga upya juu ya tuta kuliko kuitengeneza. Wengine hujenga tuta kwanza, wakasubiri msimu mmoja wa mvua ulishindilie, ndipo wajenge. Si ujinga.

*Panapoharibika.* Tuta hugeuka kisiwa. Nyumba imekauka lakini barabara iko chini ya mita moja ya maji, hakuna mtumbwi na mgonjwa yupo. Mawimbi hula kingo usiku. Na maji yakipanda Kyoga na Albert, viboko na mamba husogea nayo hadi migombani. Anayeteka maji jioni kwenye ngazi ya tuta lake anapaswa kulijua hilo. Kichocho pia hupenda maji yaliyotuama yenye magugu. Kosa jingine ni kuinua kwa kufuata alama ya mwaka mmoja: aliyejenga akitazama miaka ya tisini alipitwa na 2020. Mwisho, tuta huzuia njia ya maji ya jirani, na nyumba 20 zikiinuliwa bila mpango maji huhamia kwa ya 21.

Usikate mafunjo mbele ya nyumba ili uone ziwa vizuri. Ndiyo yanayovunja wimbi.

*Inamfaa nani.* Mwenye ardhi au kibanja (haki ya kukalia ardhi ya mwingine) chenye maandishi, nje ya ukanda uliotengwa, kwenye tambarare ambako maji huja taratibu, hayapiti kiunoni na hukaa siku au majuma. Wakulima wa mpunga wa Doho na majirani wa Manafwa wako hapa. Penye mawe yanayobingirika, tuta ni sawa na kulipa ili ubomolewe.

Njia ya tatu: kuondoka

Watu wakisikia neno hili hufikiria kupoteza ardhi. Kwa kweli ni mambo mawili tofauti: kuondoka kwa siku chache kisha kurudi, na kuhama moja kwa moja.

*Kazi na vifaa.* Kuondoka kwa siku chache kunahitaji njia, mahali na begi. Njia ikatwe kwenda juu, ukiupa mto mgongo. Usifuate bonde kuteremka, maana maji yatakukuta. Itembee mchana na watoto, kisha uitembee usiku na tochi, upime dakika. Ukiwa na bibi wa kubebwa, zidisha mara mbili. Maji yanayokwenda kasi ya kina cha sm 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sm 30 zinaweza kusukuma gari dogo, sembuse bodaboda. Daraja likifunikwa, usilikanyage: huenda halipo tena.

Mahali pawe pamekubaliwa mapema, kwa ndugu aliye juu au shule iliyotajwa na LC. Uliza ufunguo unashikwa na nani usiku. Shule nyingi zina milango mizuri na kufuli nzuri zaidi.

Begi liwe la siku 3 na liweze kubebwa na mtu mmoja. Ndagamuntu (vitambulisho vya taifa) za wote, hati au makubaliano ya kibanja, kadi za chanjo, vyote kwenye kavera mbili zilizofungwa. Dawa za kila siku za juma moja hadi mawili: za presha, kisukari, ARV, kifua kikuu. Lita 2 za maji ya kunywa kwa kila mtu kwa siku ya kwanza, na vidonge vya klorini kwa siku zinazofuata. Kidonge cha kawaida cha miligramu 67 hutibu jerikeni la lita 20 la maji maangavu. Soma paketi, na kama maji ni ya tope yachuje kwa leso kwanza, kisha subiri nusu saa baada ya kutia dawa. Chumvi, sukari, sabuni, taulo za hedhi, tochi, redio ndogo, firimbi, noti ndogondogo. Simu ichajiwe kila jioni ya msimu wa mvua. Nambari ya dharura ni 999 au 112.

Mifugo huchelewesha watu hadi kufa. Ng'ombe wahamishwe siku onyo linapotolewa, wala si saa maji yanapoonekana. Kuku kwenye tenga. Muda ukiisha, kata kamba uwaachie. Mbuzi aliyefungwa hana nafasi yoyote.

*Muda wa maandalizi.* Jioni mbili kwa begi na njia. Kigumu ni kujua saa ya kuondoka, na hilo hutegemea onyo. Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya kila msimu, na redio za wilaya huusoma kwa lugha za wenyeji. Butaleja iliwekewa ving'ora vya umeme wa jua kando ya Manafwa mwaka 2014. Mlimani, dalili zenyewe ndizo king'ora: mto kugeuka rangi ghafla, ngurumo ya mawe chini ya maji, au mto kupungua mvua ikiendelea kunyesha, maana yake kuna kitu kimeziba juu na kitapasuka. Kwenye miteremko ya Elgon ongeza nyufa mpya ardhini, miti iliyoinama, chemchemi palipokuwa pakavu, mlango uliokuwa ukifunga vizuri kuanza kukwama. Bududa Machi 2010 na Bulambuli Novemba 2024 udongo ulishuka na kufunika nyumba pamoja na waliokuwamo. Dhidi ya udongo huo hakuna kiroba wala tuta.

*Panapoharibika.* Onyo la uongo mara mbili, na mara ya tatu hakuna anayeamka. Dawa yake ni kukubaliana kabla kwamba kuondoka bure ni hasara ya usingizi tu. Wizi ni tatizo la kweli. Wanaume wengi hubaki kulinda mabati. Mtaa ukipanga vijana wawili wa zamu wanaokaa juu ya mlima wakitazama, si chini kwenye nyumba, watu huondoka kwa moyo mwepesi. Na kurudi mapema huua: mafuriko ya mlimani huja mawimbi kwa mawimbi.

Kuhama moja kwa moja kuna mizigo yake. Baada ya 2010 familia za Bududa zilipelekwa Kiryandongo, na kuanzia 2019 nyingine zikapelekwa Bunambutye, Bulambuli. Nyumba zilipatikana, lakini kahawa na migomba zilibaki mlimani, na baadhi walirudi kulima, wengine kulala hukohuko. Kabla ya kukubali, uliza mambo manne: shamba ni eka ngapi na la nani kwa maandishi, maji yako umbali gani, shule na kituo cha afya viko wapi, na ardhi ya zamani inabaki ya nani. Anayehama mwenyewe kwa kununua kiwanja alale pale usiku mmoja wa mvua kabla ya kulipa. Viwanja vingi vya bei nafuu vina bei hiyo kwa sababu ya maji.

*Inamfaa nani.* Kila mtu aliye chini ya mto wa mlimani au kwenye mteremko uliopasuka, bila mjadala. Kisha wale wa ndani ya ukanda wa ziwa, na nyumba zenye mgonjwa asiyetembea hata kama maji ni ya goti.

Zikisimama bega kwa bega

Kwa gharama, begi ndilo rahisi kuliko vyote, viroba vinafuata, na tuta liko mbali juu. Ila viroba hununuliwa upya kila misimu michache, wakati tuta lililopandwa nyasi hudumu. Kwa kuokoa mali, kuinua ndiko bora maji yakiwa ya taratibu. Kuzuia ni bora yakiwa mafupi. Kuondoka huokoa watu na mbuzi wachache. Kwa kuokoa uhai mpangilio hugeuka kichwa chini miguu juu. Na kwa mtu asiye na ardhi yake, ya pili inatoka mezani: zinabaki ubao wa mlangoni na begi.

Hazigombani. Aliyeinua nyumba bado anahitaji begi. Aliye na begi bado ananufaika na rafu ya mita moja na nusu. Tatizo ni pesa zikiwa za kitu kimoja tu.

Kwa hali yako

Umepanga Bwaise, Kalerwe au penye mfereji kama huo, maji huja hadi gotini na kuondoka jioni: ubao wa mlangoni, rafu, kitanda juu ya matofali. Zima swichi kuu ya umeme kabla maji hayajafika soketi. Shirikianeni kuzibua mfereji; ubao wako hausaidii kitu mfereji ukiwa umejaa chupa.

Una nyumba ya mwaloni ndani ya mita 200 za ziwa: usitie saruji. Kama lazima ubaki kwa ajili ya uvuvi, jenga cha mbao na mabati kinachoweza kufunguliwa na kubebwa, uweke familia, hati na akiba juu zaidi. Fuatilia kipimo cha ziwa kinapotangazwa; ziwa hukupa majuma, na anayechelewa hapa amejichelewesha.

Una kibanja kwenye tambarare ya mto, maji ya kiunoni kwa juma zima: tuta, choo kilichoinuliwa, ghala juu ya nguzo. Fanya choo kwanza kama pesa ni za kimoja. Nunueni mtumbwi wa mtaa kwa mchango, na ujulikane unafungwa kwa nani.

Uko Kilembe au penginepo mto unapotoka mlimani, au chini ya mteremko wa Elgon: begi leo, njia kesho, zamu ya kutazama mto kila usiku wa mvua kubwa. Pesa ya tuta iweke kwenye kiwanja cha juu, hata kidogo kidogo.

Una mgonjwa asiyetembea, popote ulipo: mhamishe mwanzo wa msimu, si mwanzo wa mafuriko. Machi na Septemba kwa kusini, Aprili kwa kaskazini. Kama hana pa kwenda, kubaliana na wabebaji wanne kwa majina, muwe na machela ya nguzo mbili na gunia, na mjaribu kuipitisha mlangoni mchana kweupe. Machela nyingi hukwama hapo.